Tu Youyou hakupewa Nobel kwa sababu ya chai

Wiki iliyopita mzee mmoja aliweka chupa ya chai kwenye dirisha langu la dawa, akafungua kizibo ninuse. Artemisia, wengine huiita pakanga. Mjukuu amemlalia begani, kipimo kimeonyesha malaria, cheti cha dawa ya mseto anacho mkononi. "Dokta, si yule mama wa Kichina alipewa Nobel kwa hii hii?"

Hapana, mzee wangu. Swali hili nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu.

Tu Youyou alipewa Nobel ya tiba mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini, kemikali moja tu kati ya nyingi zilizomo kwenye mmea huo. Timu yake ya Beijing ilianza kusaka dawa ya malaria 1969, ikapekua vitabu vya waganga wa kale na kutengeneza michujo ya mimea zaidi ya 380. Ule wa qinghao, ndiyo artemisia yenyewe, leo ulifanya kazi, kesho ukagoma. Tu akarudi kwa Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: chukua konzi ya majani, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Jiko halitajwi! Akashuku moto ndio unaoharibu, akachuja kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 mchujo namba 191 ukamaliza vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliumeza kwanza wenyewe, ndipo wakawapa wagonjwa.

Sasa wewe unayetokosa majani robo saa unamfuata nani? Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi chake hutofautiana shamba hadi shamba. Hakuna ajuaye kikombe chako kina miligramu ngapi. Homa itashuka, utashangilia, vimelea vilivyobaki vitazaana upya. Tena artemisinini hutoka kwenye damu ndani ya saa chache; ndiyo maana tunaichanganya na lumefantrini, dawa nyingine inayokaa siku kadhaa ikifagia mabaki. Huo ndio mseto. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hii, na vimelea vilivyoanza kuizoea dawa vimeshaonekana Rwanda, Uganda na kwetu Kagera. Dozi nusunusu ndiyo shule yao.

Wengine wakipewa mseto huniambia: "Homa imekwisha siku ya pili, vidonge vilivyobaki naweka akiba." Akiba ya nini? Mtu mzima ni vidonge 24: vinne vinne, mara 2 kwa siku, siku 3. Dozi ya pili humezwa yakipita masaa 8 tangu ile ya kwanza. Na umeze na maziwa au chakula chenye mafuta. Hili namwambia hata aliyekuja kununua plasta.

Kuhusu Tu nako nasikia mengi. "Tuzo alibeba peke yake." Alipata nusu. Nusu nyingine waligawana William C. Campbell na Satoshi Ōmura, ambao kazi yao ndiyo iliyotuletea ivermectini, dawa ya usubi na matende.

"Hakusoma." Hana shahada ya uzamivu, ni kweli. Ila alihitimu famasia Beijing mwaka 1955. Mfamasia mwenzangu, mniruhusu nitambe kidogo.

Mjukuu alikuwa na kilo 12: kidonge kimoja mara 2 kwa siku, siku 3, jumla 6. Cha kwanza tulikiponda palepale kwenye kijiko, tukakichanganya na maziwa. Mzee akafunga kizibo cha chupa yake, akaondoka nayo kwapani.