Sanamu ya udongo haipasuliwi na kiputo cha hewa

Wanaojifunza kufinyanga sanamu Unguja na Pemba huambiwa kiputo cha hewa ndicho kinachoipasua tanurini. Sicho. Hewa hutanuka kidogo tu, na hupenya vitundu vya udongo mkavu. Mkosaji ni maji: yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke unaotaka nafasi takriban mara 1,600 ya ile ya maji yenyewe.

Kukanda vizuri bado kuna maana, kwani kiputo hudhoofisha ukuta. Ila komba ndani, ubakize unene wa sentimita 2 hivi, na toboa tundu chini. Wakati wa masika usiamini macho kuwa sanamu imekauka; iguse kwa shavu. Ikiwa baridi, bado ina maji. Tanurini, ishikilie nyuzi 80 hadi 90 kwa saa kadhaa, ndipo uzidishe moto.