Kinda wa jei aliye chini si yatima

Wiki hii nimeletewa makinda wanne wa ndege huyu niwauguze, kila mmoja ndani ya boksi la viatu, na wote kwa maneno yale yale: "Kaanguka, mama yake kamtupa." Mmoja alikuja na mkate wa kulowekwa kwenye maziwa umemgandia kifuani. Nimechoka.

Jei wa buluu, yule ndege mwenye kishungi wa mashariki ya Marekani na Kanada, huatamia siku 17 au 18 hivi. Makinda hukaa kiotani wiki tatu kasoro, kisha hutoka kabla hawajajua kuruka vizuri. Siku za mwanzo hushinda chini au kwenye matawi ya chini, mkia bado kisiki, wakidundadunda kama vyura. Hawajaanguka, wametoka. Wazazi wako juu ya mti, mdomo umejaa viwavi, wanasubiri wewe uondoke. Ingia ndani uchungulie dirishani. Usiposadiki, msogelee huyo kinda: mara nyingi utadonolewa kisogoni. Huyo ndiye mama aliyemtupa mwanawe?

Wengine husema, "Nimeshamshika, atanuka binadamu, mama atamkataa." Wapi! Wazazi humjua mtoto kwa sauti na kwa mahali alipo; harufu ya vidole vyako haiwashughulishi. Aliye uchi, macho yamefumba, mrudishe kiotani bila hofu. Kiota kikiwa kimesambaratika, kikapu kidogo chenye matundu chini, kikifungwa kwenye mti ule ule, kinatosha. Mwenye manyoya mweke kichakani umwache. Maji usimtilie mdomoni: tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, na tone moja linaweza kuishia mapafuni. Wa kuniletea ni yule aliyekamatwa na paka, tena siku hiyo hiyo, hata kama huoni jeraha, kwa sababu mate ya paka yana bakteria wanaoua ndege upesi. Na huyo paka, jamani, afungiwe ndani miezi ya makinda. Hili nitalisema mpaka nistaafu.

Eti jei anaishi kwa kula mayai na watoto wa wenzake. Anaiba, sikatai. Lakini mtafiti Beal wa wizara ya kilimo ya Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, alichunguza matumbo 292 ya jei: maganda ya mayai ya ndege wadogo yalikuwa katika matatu, mabaki ya makinda katika mawili. Kama robo tatu ya chakula ilikuwa ya mimea, na sehemu kubwa ya kilichobaki wadudu. Mbegu za mwaloni huzibeba hadi tano kwa safari moja, nyingine kooni, akazifukia ardhini; asizozirudia huota. Mialoni mingi kaipanda yeye.

Eti kwa ukali ule hana adui. Mwewe wa Cooper humnyakua mchana, bundi usiku, na kiotani huingia nyoka, kindi, rakuni, hata kunguru. Zile kelele zinazokukera alfajiri ni ulinzi, na hata mlio wa mwewe anaujua kuuiga. Ukisikia kundi zima linapiga makelele mchana juu ya mti mmoja, tazama karibu na shina: huenda ukamwona bundi amejibana pale, kimya, anajifanya gome.