Mwili haufungi hesabu saa sita usiku

Sentensi ninayoisikia kuliko zote katika kazi yangu ya ushauri wa lishe hapa Tanga ni hii: "Nimejibana tangu asubuhi, kwa hiyo usiku nina nafasi." Leo anaisema mwalimu, kesho fundi cherehani wa Ngamiani, keshokutwa kijana wa bandarini. Wengi wao wameweka programu ya kuhesabu kalori kwenye simu, imewapangia tuseme 1,500 kwa siku, nao wanazichukulia kama posho: zisipotumika mchana, zipo tu, zinamngoja mwenyewe usiku.

Dhana: Kalori ni bajeti ya siku. Ukibana mchana, usiku unatumia.

Hapa nitakaa sana, kwa sababu dhana hii ndiyo inayowarudisha watu kwangu wakiwa na kilo zilezile, na wamekata tamaa juu yake.

Tuanze na upande wa matumizi. Kodi ya nyumba haishuki kwa sababu mshahara umechelewa. Mwilini inashuka. Kwa mtu asiyefanya kazi ngumu, kama asilimia 60 hadi 70 ya nishati ya siku inakwenda kwenye kuishi kwenyewe: moyo, ubongo, ini, pumzi, joto la mwili. Ukikata chakula sana na kwa muda mrefu, mwili unaanza kubana huko. Mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwafuatilia vijana 36 wa kiume waliokula karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita. Walikonda, ndiyo. Lakini pia walisikia baridi muda wote, mapigo ya moyo yalishuka, walitembea kwa kujivuta, na mazungumzo yao yakawa ni chakula tu. Kuruka mlo mmoja hakukufikishi huko, ila anayejinyima wiki baada ya wiki anaelekea njia hiyohiyo.

Ndiyo maana hesabu ya "nikipunguza kalori 500 kila siku, kilo moja inaondoka kila baada ya wiki mbili" inakatisha watu tamaa. Msingi wake ni kanuni ya daktari mmoja wa Marekani, Max Wishnofsky, ya mwaka 1958: kalori 3,500 kwa ratili, yaani kama 7,700 kwa kilo. Siku za kwanza mizani inashuka hata kuliko hesabu, kwa kuwa maji mengi yanatoka. Baadaye mwili ukishakuwa mdogo unahitaji kidogo, na kasi inapungua. Mtu anadhani amekosea, anabana zaidi, halafu usiku analipiza.

Na huko kulipiza ndiko kunakonisumbua. Pesa usiyoitumia inakaa kimya mfukoni. Njaa ya tangu alfajiri haikai kimya. Inapofika saa mbili usiku huchagui tena, unavamia. Mama mmoja wa makamo kutoka Makorora alinionyesha simu yake kwa fahari: kalori 300 tu hadi magharibi. "Angalia mwanangu, nimebakiwa na 1,200." Nikamuuliza, "Mama, na jana usiku ulikula nini?" Chipsi mayai, mishikaki, soda ya nusu lita, na chapati aliyoikuta jikoni. Tukakaa na kalamu. Mayai mawili, kama 150. Mafuta yaliyonyonywa na viazi pamoja na ya kukaangia mayai, tukayakadiria vijiko vikubwa vitatu: 360. Soda, kama 210. Tumeshapita 700, na viazi vyenyewe, nyama na chapati havijaguswa. Kwenye simu alikuwa ameandika "chipsi, sahani moja", namba aliyoichagua kwenye orodha, yai halimo wala mafuta. Akaniangalia, akasema, "Kumbe mimi najidanganya." Hakuwa anajidanganya. Alikuwa na njaa, na mwenye njaa hapimi.

Hata namba za kwenye pakiti si senti za benki. Sheria za Marekani zinaruhusu bidhaa kuwa na hadi asilimia 20 zaidi ya kalori zilizoandikwa. Sasa chapati ya mama lishe wa Barabara ya 8 nani amempimia? Wala kalori 200 za samaki wa kuchemsha hazifanyi kazi sawa na 200 za soda. Kusaga protini tu kunakula robo hivi ya nishati yake, na samaki atakushibisha hadi jioni. Soda ndani ya saa moja umeisahau.

Kwa mwenye kisukari dhana hii ni hatari kabisa. Ukiwa unatumia insulini au glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari), ukatumia dawa asubuhi halafu ukashinda bila kula ili "kuweka akiba", sukari inaweza kushuka ghafla: kutetemeka, jasho jembamba, kuchanganyikiwa, hata kuzirai. Nasema hili kila kliniki na nitaendelea kulisema. Usiruke mlo huku unatumia dawa hizo. Ukitaka kufunga Ramadhani, muone daktari mapema akupangie dozi, usijipangie mwenyewe.

Mwili unaangalia wiki na miezi. Pilau ya harusi ya Jumamosi haiharibu kitu kama siku nyingine umekula kwa utaratibu, na kujinyima Jumatatu hakufuti vitafunio vya kila jioni. Ushauri wangu ni ule ule, na wateja wangu wameshauzoea: asubuhi kula kitu chenye protini. Mbaazi, kunde, yai, dagaa. Mbaazi za nazi kikombe kimoja na kipande cha muhogo wa kuchemsha vinakushikilia kuliko mahamri manne na chai. Anayeshiba asubuhi na mchana hana vita ya kupigana usiku.

Dhana: Nimetembea hadi Raskazone na kurudi, nimeshalipa.

Tembea, tena kila siku, kwa ajili ya presha, sukari na usingizi. Lakini saa moja ya mwendo wa kawaida kwa mtu wa kilo 70 ni kama kalori 250. Maandazi mawili makubwa yanaweza kuzirudisha zote kabla jasho halijakauka.

Dhana: Dona haina kalori nyingi kama sembe.

Zinakaribiana sana. Dona ina nyuzinyuzi na vitamini zaidi, na ndiyo ninayoipendekeza, ila mlima wa dona ni mlima.

Dhana: Juisi ya machungwa ya Muheza ni tunda, haihesabiwi.

Glasi moja ni machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zimeachwa kwenye chujio, na mara nyingi sukari imeongezwa juu. Machungwa ya Muheza ni matamu yalivyo. Menya, kula.

Dhana: Chai ni chai tu.

Kijiko cha chai cha sukari ni gramu kama 4, kalori 16. Vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 64. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50. Umeshapita, na mkate wa kumimina hujaugusa.

Dhana: Mafuta ya asili hayanenepeshi.

Alizeti, nazi, mawese, samli: gramu moja ya mafuta ni kalori 9, yawe yamekamuliwa nyumbani au yametoka dukani. Hapa ndipo ninapokubali kipimo. Acheni kumimina kwa macho kutoka kwenye dumu. Wekeni kijiko kikubwa pembeni ya jiko, kimoja kwa kila mlaji kwa siku nzima, na mchuzi ukishawekwa tui zito, mafuta mengine ya nini?