Pembe ya dainosari yenye kiraka si lazima iwe bandia

Wengi wakiona plasta kwenye pembe ya Triceratops, dainosari wa pembe tatu, husema papo hapo: "Feki hiyo!" Wanakosea. Mfupa uliolala ardhini takriban miaka milioni 66 mara nyingi hutoka vipande vipande, na kuviunganisha kwa gundi ni kazi ya kawaida hata kwenye makumbusho. La kuuliza ni hili: mfupa halisi ni kiasi gani, na je, vipande vyote ni vya pembe moja?

Shika kioo cha kukuzia. Tunachokiita pembe ni kiini cha mfupa tu. Ala yake ya keratini, kitu kilekile cha kucha zetu, kwa kawaida ilishaoza zamani. Juu ya mfupa huo kuna vijifereji ilimopita mishipa ya damu. Vifuate kwa kidole. Vikikatika ghafla na uso ukawa laini mno, huenda umefika kwenye kiraka. Viputo vya hewa ni habari mbaya zaidi: huenda hiyo ni resini, plastiki ya majimaji inayoganda, iliyomiminwa kwenye kalibu. Taa ya urujuanimno (UV) nayo husaidia, maana gundi nyingi hung'aa tofauti na mfupa, ila usiiamini peke yake. Hata madini mengine hung'aa.

Anzia kwenye ncha. Ni nyembamba, huvunjika upesi, na mara nyingi ndiyo iliyoundwa upya.