Baruti kidogo ndiyo iliyovimbisha mtutu wako

Jumamosi iliyopita kijana mmoja Mtanzania, tunayepiga naye shabaha huku Arizona, aliniletea rivolva yake imeviringishwa kwenye taulo. "Shikamoo mzee. Silinda inazunguka vizuri, lakini siku hizi hailengi." Nikapitisha kidole juu ya mtutu, taratibu, kutoka kwenye silinda kuelekea mdomoni. Katikati kidole kikapanda kitu kama pete iliyovaliwa chini ya ngozi. Nikamulika tochi ndani: duara jeusi, chuma kimetanuka. Sijauliza neno, akaanza kujitetea: "Lakini mimi naweka baruti kidogo kabisa, mzee. Sitaki balaa."

Hiyo ni ya tatu mezani kwangu mwaka huu, na zote tatu zimekuja na maneno hayohayo. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja.

Kwa asiyeujua mchezo wetu: ni mashindano ya kikauboi, yanayosimamiwa na Single Action Shooting Society tangu mwaka 1987. Unavaa mavazi ya karne ya 19, unapiga vibao vya chuma kwa rivolva mbili za kizamani, bunduki ya wenzo (ile unayoikoki kwa kuvuta mkono ulio chini yake) na shotigani, na saa inahesabu. Vibao vya rivolva viko karibu, mara nyingi yadi 7 hadi 10, kwa hiyo nguvu haihitajiki. Kanuni zenyewe zinaweka dari: rivolva isizidi futi 1000 kwa sekunde, bunduki isizidi 1400. Ila zina na sakafu, na hii watu huisahau. Uzito wa kichwa (ile risasi yenyewe inayoruka) kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, zidisha kwa mwendo wake, gawa kwa 1000: jibu lisipungue 60, na mwendo usishuke chini ya futi 400. Teke likipungua, mkono unarudi shabahani upesi. Ndiyo maana kila mwanachama mpya akishanunua vifaa vya kujitengenezea risasi, yaani presi ya kukandamizia, daizi (kalibu zake) na mizani, kitu cha kwanza anachofanya ni kupunguza baruti. Halafu anajiambia kwamba anaongeza na usalama.

Najua mawazo haya yanatoka wapi. Kijana wangu ameona mjomba wake akishindilia gobore. Baruti nyeusi ikipungua kwenye gobore, risasi inaanguka karibu, basi. Lakini hata mjomba hapunguzi ovyo. Anaisukuma risasi kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti, pasibaki nafasi. Gobore lenye hewa kati ya baruti na risasi huweza kupasuka, na mjomba analijua hilo bila kusoma kitabu. Mpwa amerithi nusu ya somo.

Ganda la .45 Colt, aina ya risasi ya rivolva hizi, lilibuniwa pamoja na rivolva ya mwaka 1873, nalo lilichukua greni 40 za baruti nyeusi, yaani gramu mbili na nusu na kidogo. Lilijaa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina nguvu nyingi kwa ujazo mdogo, na kipimo cha kikauboi mara nyingi hakifiki hata gramu nusu. Chungulia ndani ya ganda hilo ukiwa umesimama mbele ya presi saa nne usiku. Kipimo sahihi ni vumbi chini ya kisima. Ganda tupu ni giza chini ya kisima. Kipimo mara mbili ni vumbi kidogo zaidi, na bado kisima hakijafika hata nusu. Udogo wa kipimo ndio unaoficha kosa. Baruti nyingi ya kujaza ganda ingemwagika mezani na ungejua papo hapo.

Sasa fuata kinachotokea uwanjani. Ganda lisilo na baruti bado lina fataki, kile kiwashio kidogo kilicho kwenye kitako chake, na fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa kutoka kwenye silinda hadi kwenye mtutu. Kinakwama humo. Sauti ni "pu", si "paa". Mpigaji ana viziba masikio, saa inakimbia, na kila kibao akikosa anaongezewa sekunde 5. Anavuta tena. Kichwa cha pili kinakigonga cha kwanza, na pale vinapokutana ndipo pete inapotokea. Bunduki ya wenzo ni mbaya zaidi, kwa kuwa mtutu wake ni mrefu: kipimo dhaifu kinachotoka vizuri kwenye rivolva ya inchi 5 kinaweza kufia njiani kwenye mtutu wa inchi 20. Ukisikia "pu", acha. Poteza sekunde zako.

Kuna na suala la baruti kulala. Kwenye ganda pana baruti kidogo huweza kulala nyuma kwenye fataki au kuteleza mbele kwenye kichwa, ikitegemea ulivyochomoa bastola. Nimepima mwenyewe kwa kipima mwendo, risasi za kundi moja, mkono uleule: ukiinua mtutu kabla ya kupiga unapata mwendo mmoja, ukiuinamisha kwanza unapata mwingine, na kwa baruti fulani tofauti inapita futi 100 kwa sekunde. Kama umeshaikaribia sakafu, futi 100 hizo unazitoa wapi?

Masizi kwenye ubavu wa ganda nayo ni dalili ya baruti kidogo mno. Shaba inahitaji shinikizo ili itanuke na kuziba chemba. Isipotanuka, moshi unarudi nyuma. .45 Colt, yenye ukuta mnene, inachafuka kuliko .44-40, ganda lingine la zamani lenye mdomo mwembamba. Ukiona maganda yameungua nusu yake, usinunue dawa ya kusafishia. Rudi kwenye kitabu cha vipimo uangalie kiwango cha chini kinachotajwa pale, ukifuate.

Wengine wananiambia, "Mzee, nazipima risasi zikishakamilika, nyepesi naitupa." Hapana! Vichwa vya kumimina vinapishana kwa greni moja au mbili, na maganda ya viwanda tofauti hupishana zaidi ya hapo. Baruti yote uliyoweka ni greni 4 au 5. Mizani itakupa namba na hutajua ni namba ya nini.

Ipo hoja moja ambayo bado inanisumbua. Wapigaji wakongwe husema baruti kidogo mno inaweza yenyewe kulipuka kwa ghafla na kupasua silinda. Kwa baruti za polepole za bunduki kubwa, hoja hiyo siipuuzi. Kwa baruti zetu za haraka naelemea upande wa kipimo mara mbili, maana silinda iliyopasuka haiachi ushahidi. Lakini siwezi kuapa, na nimeshabadili mawazo mara mbili.

Ninachofanya mimi ni hiki. Maganda 50 kwenye ubao wa matundu, baruti yote kwanza, kisha tochi juu ya kila tundu kabla kichwa chochote hakijakaa. Nachagua baruti yenye punje kubwa nyepesi, ikizidi imwagike. Trail Boss ilitengenezwa kwa kazi hii hasa, punje zake zina tundu katikati, ila miaka hii kuipata madukani ni shida. Vichwa viwe bapa mbele, kwa sababu kwenye bomba la kuwekea risasi la bunduki ya wenzo kila kichwa kinaegemea fataki ya mwenzake, na kichwa chenye ncha kinaweza kuilipua. Nawa mikono kabla ya kula, maana vichwa ni vya madini ya risasi. Na anayenisoma akiwa Tanzania ajue kwamba kujitengenezea risasi nyumbani bila kibali ni kosa la jinai. Huku ni halali, huko usijaribu.

Kijana alikuwa na risasi 61 zilizobaki kwenye kundi lile. Tulikaa tukazivunja zote kwa nyundo ya kung'olea vichwa, tukimwaga kila moja kwenye kikombe cha mizani. Ya thelathini na kitu haikumwaga kitu. Nikamwambia asiinuke, maana ganda tupu lina jirani: presi ya mzunguko, inayopitisha maganda kadhaa kwa zamu, ukiirudisha nyuma kidogo ili urekebishe jambo, ganda moja linakosa na lingine linapata mara mbili. Tulilipata dakika kumi baadaye. Akalishika kwenye kiganja, akachungulia ndani, akamimina, akatazama mizani ikisoma mara mbili ya kipimo chake, wala hakusema kitu. Rivolva hiyo angeipiga ikiwa futi mbili kutoka usoni mwake.

Mtutu mpya nimeshauagiza. Ubao wa matundu nimempa wangu wa zamani.