"Kazi yoyote" si jina la kazi

Wiki haipiti bila ujumbe huu kuingia: "Shikamoo boss, nimehitimu Uhasibu mwaka huu, sina uzoefu, niko tayari kufanya kazi yoyote." Chini yake kuna CV ya kurasa nne. Nimeshaujibu kwa upole mara nyingi mno. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na upole umepungua kidogo.

Anayeuandika anaamini kwamba neno "yoyote" linamtanulia wavu. Ukitaja kazi moja umejifungia, ukisema yoyote milango yote iko wazi. Sasa kaa upande wangu. Nikitaka kukusaidia, lazima nimpigie mtu simu. Nimwambie nini? "Kuna kijana hapa anatafuta kazi yoyote." Atasema sawa, nikisikia kitu nitakwambia, na hatasikia kitu mpaka mwakani. Lakini nikimwambia "kuna binti anajua kuandaa mishahara na kufuatilia risiti za EFD, zile za mashine za kodi, anatafuta pa kuanzia kama karani wa hesabu", mwenzangu anamkumbuka palepale mhasibu wake aliyelemewa, anayekaa ofisini mpaka saa mbili usiku kila ifikapo tarehe 7. Umeshapata pa kuingilia.

Hiyo ndiyo konekisheni mnayoilalamikia. Wa kubebwa na mjomba wapo, sikatai, na sitawadanganya kwamba mambo ni safi kila mahali. Ila hata mjomba anahitaji jina la kazi la kutamka. Wengi wenu mna wajomba wazuri tu ambao hawajui mlisomea nini.

Kwa hiyo chagua majina mawili ya kazi. Aliyesoma Uhasibu anaweza kuanza kama karani wa hesabu, msaidizi kwenye ofisi ya wakaguzi, karani wa mishahara, mtunza stoo, au afisa mikopo kwenye taasisi ndogo ya fedha. Mawili tu, kila moja na CV yake ya kurasa mbili. Afisa mikopo anapimwa kwa kutembea, kuongea na watu na kufuata marejesho. Msaidizi wa mkaguzi anapimwa kwa kukaa na vocha za malipo kwa saa nane bila kuchoka kuuliza "hii inaambatana na nini?" CV moja haiwezi kusema yote mawili bila kusikika kama ya mtu asiyejijua.

Sasa hilo la "sina uzoefu".

Nafasi za kuingilia serikalini, zile za Daraja la II, kwa kawaida hazidai uzoefu, zinadai cheti. Zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira zinaombwa kwenye tovuti ya Ajira Portal, na pale wengi huangushwa na karatasi kabla ya mtihani: barua ya maombi haijasainiwa, nakala za vyeti hazijathibitishwa, mtu amepandisha hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe, au jina la kitambulisho cha taifa (NIDA) ni Mohamed na la kidato cha nne ni Muhammed na hakuna hati ya kiapo wala ya kubadili jina. Soma masharti ya jumla ya tangazo mpaka mwisho. Ukipenya unakutana na usaili wa mchujo wa kuandika, kisha wa mahojiano, na kwa baadhi ya kada wa vitendo pia. Sina la kuongeza hapo.

Kwenye kampuni binafsi ndiko kuna "uzoefu wa miaka 2". Tangazo likitaka miaka 8 na likitaja kusimamia watu, liache. Likitaka mwaka mmodi au miwili kwa kazi ya ngazi ya chini, maana yake mara nyingi ni hii: hatuna mtu wa kukufundisha kuanzia mwanzo. Usiwajibu kwa miaka, maana huna. Wajibu kwa kazi ulizokwisha kuzigusa. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanza, kwa sababu mmezigusa halafu mnazificha.

Kila mhitimu wa Uhasibu amekwenda fildi, mafunzo kwa vitendo. Ni wiki kadhaa kila mwaka, halmashauri, benki, bandari, SACCOS ya mtaani. Kwenye CV inakuja hivi: "Field, miezi 2, idara ya fedha. Nilisaidia kazi mbalimbali." Kazi mbalimbali ni ndugu yake kazi yoyote. Chukua logibuku yako ya fildi, ile mliyojaza kila siku kwa ajili ya msimamizi kusaini, mkaitupa baada ya kupewa alama. Ifungue, uhesabu. Ulipanga vocha ngapi za malipo? Ulilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kwa akaunti ngapi, kwa miezi mingapi? Tofauti ulizokuta zilitokana na nini: hundi ambazo hazijawasilishwa, makato ya benki, au tarakimu zilizogeuzwa, 540 ikaandikwa 450? (Tofauti inayogawanyika kwa 9 ni dalili ya tarakimu kugeuzwa. Ukilijua hilo, liseme kwenye usaili, utaona mtu anainua uso.)

Sentensi inakuwa hivi: "Nililinganisha daftari la fedha na taarifa za benki kwa akaunti 3 kwa miezi 2, na kuorodhesha hundi zisizowasilishwa kwa ajili ya mhasibu." Ndiyo, ni uzoefu. Mdogo, lakini una umbo. Idadi isiwe ya kubuni. Anayekuhoji ameifanya kazi hiyo miaka kumi, swali la pili tu litakuumbua. Na kama fildi yako ilikuwa ya kutoa fotokopi na kununulia watu chai, jambo linalotokea kuliko vyuo vinavyokiri, basi usiipambe. Tengeneza ushahidi mwingine.

Njia iliyo rahisi ni faili moja ya Excel. Tunga kampuni ya wafanyakazi 10, iandalie mishahara ya mwezi mmoja. Mtu wa mshahara wa shilingi 600,000: toa kwanza mchango wake wa asilimia 10 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 60,000. Inabaki 540,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za mwanzo hazina kodi, zinazofuata mpaka 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000, na 20,000 zilizobaki zinakatwa asilimia 20, yaani 4,000. PAYE yake, yaani kodi ya mshahara, ni 24,000, anaondoka na 516,000. Wahitimu wengi hukata kodi kwenye 600,000 nzima, kosa ambalo mfanyakazi mwenyewe atakuja nalo dirishani siku ya mshahara. Weka fomula, usiandike majibu kwa mkono. Kabla ya kuituma hakikisha viwango havijabadilika. Kisha iambatanishe na barua. Nikiifungua na kuona fomula zinakubali mshahara ukibadilishwa, nimepata jibu ambalo GPA hainipi.

Wapi utaipeleka? Si lazima usubiri tangazo. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ina orodha ya ofisi za ukaguzi zilizosajiliwa, na nyingi ni ndogo, watu watano au kumi, hazina fedha wala muda wa kutangaza. Kampuni inayofunga hesabu Desemba inatakiwa kuwasilisha ritani ya mwisho ya mapato ndani ya miezi sita, yaani kufikia 30 Juni, kwa hiyo kuanzia Januari ofisi hizi zinazidiwa na makaratasi. Barua ipeleke Oktoba au Novemba, kwa jina la mkuu wa ofisi, mkononi ikiwezekana. Ukienda Julai, watakupokea vizuri na kukuambia wamepumzika.

Malipo ya mwanzo huko ni madogo, wakati mwingine nauli tu. Hapo ndipo ushauri wangu unapoanza kuyumba. Hatuna budi kusema kujitolea kunasaidia, maana kunasaidia kweli: anayekaa ndani ndiye anayejua nafasi ikitoka. Lakini aliye na kwao Tabata anaweza kujitolea miezi sita akila nyumbani. Aliyetoka Kasulu akapanga chumba Mbagala hawezi, na si kwa kukosa bidii. Binafsi nasema miezi mitatu, makubaliano kwa maandishi, kazi zitajwe, na barua ya utambulisho mwishoni. Kwa nini mitatu na si miwili au minne? Sina hoja ya kitaalamu. Jiandikishe pia TaESA, huduma za ajira za serikali, wanaowaunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya uzoefu kazini. Kusubiri kupo, ila ukiwa hujajiandikisha hata kusubiri hakupo.

Madogo ya haraka. Faili la CV liitwe kwa jina lako na kazi, lisiitwe "CV mpya mwisho kabisa 3". PDF. Dini, kabila na shule ya msingi ondoa. Wadhamini watatu wapigiwe simu kabla hujawaandika. Msimamizi wa fildi ni bora kuliko mchungaji au diwani, kwa sababu amekuona ukifanya kazi. Anayekutaka utume elfu 30 ya "fomu" au ya vipimo vya afya kabla ya usaili ni tapeli, hata barua yake iwe na nembo.

Na ukinitumia tena ujumbe, anza na jina la kazi. Shikamoo nimeshaitikia.