Mjanja akirudi kitabu cha pili

Nahariri hadithi za kubuni hapa Mtwara, na miswada ninayoipenda kuliko yote ni ya majini, mizimu na wajanja wa kuchekesha. Kitabu cha kwanza aghalabu kinasimama vizuri. Cha pili ndicho kinacholegea, kwa sababu mwandishi anamrudisha mjanja wake mjini kana kwamba hakuna anayemfahamu.

Chukua mjanja wa huku kwetu, mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho kwa mlango wa nyuma, nje ya chama cha ushirika na mnada, mkulima aliyebanwa na shida akimwachia kwa bei ya kutupa. Shujaa huyu hana sifa ya kusifiwa. Sasa mpe ulimi mtamu, mpeleke Newala usiku, mkutanishe na jini mwenye njaa. Jini anasema, "Nijazie ghala kwa kilichotoka kwenye korosho." Mjanja anamjazia maganda. Jini anatafuna gunia zima, na mafuta ya ganda bichi yanavyounguza, kunakucha midomo imevimba hata kulaani hawezi. Msomaji atacheka, kwa kuwa jini amefungwa na kauli yake mwenyewe.

Mwandishi mvivu, kitabu cha pili, ataleta jini mwingine na maganda mengine. Hapana. Huyu wa pili lazima awe amesikia habari. Aje na mizani yake na karani, apasue korosho mojamoja, adai daraja la kwanza tupu na stakabadhi juu. Wakulima nao wamfungie mjanja milango, kisha shida ikizidi wamwendee wenyewe usiku, maana ni yeye tu aliyewahi kufanya biashara na jini akabaki hai.

Mkasa wa pili uzaliwe na hila ya kwanza. Mfano mzuri uko Lindi, kwenye tarikhi ya kale ya Kilwa. Inasimulia kwamba Ali bin Hassan alikinunua Kilwa Kisiwani kwa nguo: alitakiwa akizungushie kisiwa nguo, akakizungushia. Mfalme mwenyeji akachukua nguo zake, akavuka kwenda bara, moyoni akipanga kurudi na jeshi. Zama hizo watu walivuka kwa miguu maji yakipwa. Huku nyuma wenzake Ali wakauchimba mkondo. Mfalme aliporudi alisimama pwani akingoja maji yapwe, na maji hayakupwa tena. Mkataba haukuvunjwa hata kidogo, na ndiyo raha yake! Ningeandika mwendelezo wa kubuni wa kisa hiki, ningeanza siku mwenye kisiwa anapotaka kwenda bara kutafuta mtama. Chombo hana, mitumbwi yote ni ya wajukuu wa yule mfalme, na nauli inapimwa kwa nguo.

Miguel de Cervantes wa Hispania alilijua hili mapema. Sehemu ya kwanza ya riwaya yake, Don Quixote, ilitoka 1605. Mwaka 1614 mtu aliyejificha kwa jina la Avellaneda akatoa mwendelezo wa bandia. Cervantes alipotoa sehemu yake ya pili, 1615, alimkutanisha mhusika wake na watu waliokwisha kusoma ile ya kwanza, wanaomchezea kwa kuwa wanazijua tabia zake. Zaidi ya hapo, mhusika anasikia kwamba kitabu cha bandia kimempeleka Zaragoza, basi anakataa katakata kufika huko na kugeuzia safari Barcelona. Nacheka kila nikifika hapo.

Kinachoniumiza zaidi ni waandishi wanaomtubisha mjanja ili kumfurahisha mzazi wa msomaji. Abunuwasi wetu hajatubu hadi leo. Harun Rashid anamjua vilivyo, na bado anaitwa barazani. Ila mjanja asiyeshindwa anachosha upesi. Sungura tunampenda kwa sababu anadanganya walinzi wa kisima mmoja baada ya mwingine, mpaka siku anapomkanyaga Kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni, miguu inanasa.

Kwa hiyo muswada wa pili ukinifikia, naitafuta kwanza sura ambayo mjanja ananaswa. Nisipoiona, namrudishia mwandishi na swali moja pembeni ya ukurasa: pale kijijini, nani bado anamdai?